Kishikio cha Mlango wa Bi Msimu

Kishikio cha mlango wa Bi Msimu kililegea, ikawa kila akikigusa kinachomoka. Akamwendea mwenye nyumba, Bwana Shekue, amnunulie kipya.

"Anayefungiwa ndani ndiye anunue," Bwana Shekue alimjibu, wala hakuinua macho.

 Siku ya Ijumaa Bi Msimu akampikia biriani kwake, na kwa biriani Bwana Shekue haalikwi mara mbili. Alikuwa bado analamba vidole Bi Msimu alipopita na sinia, akaligonga kwa mguu jiwe lililozuia mlango usijifunge. Mlango ukajibamiza. Mara adhana ikasikika.

"Fungua, nachelewa swala!"

"Kwa kishikio gani, baba? Si nilikwambia kinachomoka?"

Kweli, mlangoni palikuwa na tundu tupu.

"Basi agiza kipya!"

"Mimi niko kwangu, sijafungiwa. Aliyefungiwa ni wewe."

Bwana Shekue alipiga kelele dirishani mpaka fundi akaja; mwenyewe akampenyezea noti kwenye nondo za dirisha, kikafungwa kishikio kipya cha shaba. Akatoka mbio, kofia mkononi.

Bi Msimu akafungua pindo la kanga yake. Kishikio cha zamani kilikuwamo tangu asubuhi, na kingalichomekwa tunduni kingalifungua mlango bila taabu.