Vibuyu vya Fundi Nyani

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na nyumba na majiko kama sisi, Kanga ndiye aliyemletea jirani yake Kindi habari za maziwa.

"Shoga, toka ndani! Mzee Tembo amefungua ghala. Kila mama anapewa kibuyu kizima cha maziwa!"

Kindi alikuwa na mtoto mchanga, Chonge. Kwa ukali wa kiangazi, maziwa yake yalikuwa yamekauka, na Chonge alikuwa akilia kwa njaa tangu juzi. Basi akamfunga mgongoni, akachukua bakuli, akaondoka mbio, tuku tuku tuku!

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Chukua kibuyu, ukifungue hapa hapa mbele yangu. Usitumie meno, wala usitoboe! Ukishindwa, kinarudi ghalani."

Kibuyu kilizibwa kwa mfuniko uliopakwa nta, na kwenye mfuniko umechomoza ulimi mdogo wa ngozi. Aliyeubuni ni Fundi Nyani.

"Unavuta ulimi tu, mfuniko unatoka wenyewe," alijisifu kila alikopita.

Kindi akavuta. Kacha! Ulimi ukakatika, mfuniko ukabaki palepale. Akazungusha. Wapi! Akakwaruza kwa kucha. Nta ikajaa kwenye kucha, na tone la maziwa hakuliona.

"Ala! Hivi huyu fundi amewahi kushika kibuyu chake mwenyewe akiwa na kiu?"

"Hajawahi!" walijibu akina mama waliokwisha kushindwa. Swala alikuwa amepasuka ukwato. Kobe alikuwa angali anavuta, jasho linamtoka.

"Rudisha!" Tembo akanguruma.

Mgongoni Chonge akaangua kilio. Kindi akameza hasira yake, akainamisha kichwa.

"Ni kweli, Mzee, sisi wadogo hatuyajui mambo haya mapya. Tuonyeshe wewe, tujifunze. Mimi nitakukingia bakuli, lisije likadondoka tone kwenye sakafu yako safi."

Tembo akavimba kichwa. "Hilo tu? Tazameni!"

Akavuta ulimi kwa mkonga. Kacha! Akavuta mfuniko. Ng'o! Akakiminya kibuyu kwa hasira. Pwaa! Maziwa mengine yakamruka machoni, mengine yakatiririka bakulini, chororo.

"Hicho kilikuwa kibovu, Mzee," Kindi alisema kwa upole. "Jaribu kingine."

Nyani akaja mbio. "Unakosea! Unabonyeza, unazungusha, ndipo unavuta!"

Kacha! Pwaa! Chororo.

"Wewe na ulimi wako wa kijinga!" Tembo alifoka, maziwa yakimchuruzika masikioni.

"Ubaya ni huo mkonga wako, mzito kama gogo! Lete kingine nikuonyeshe!"

Kacha! Pwaa! Wakagombana hivyo, huyu kibuyu, yule kibuyu, na Kindi yuko chini yao, anakinga bakuli lake. Lilipojaa hadi ukingoni, akaaga kwa adabu. Hakuna aliyemsikia.

Nyumbani Chonge akanywa, akacheua, akalala.

Basi, watoto wangu, anayejua kufunga tu asijiite fundi.

Asubuhi yake Kindi alipita nyumba kwa nyumba, akawaambia akina mama wote wachukue mabakuli, waende kumwomba Mzee Tembo awafundishe tena.