Mtoto Aliyelazwa Nje kwenye Theluji

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya masultani na majini, ni mwaka juzi tu, palikuwa na mama mmoja wa Wete akiitwa Bi Mize. Sogeeni mnisikilize, na anayetaka kucheka akachekee kwao, maana kisa hiki kila nikikisimulia damu hunichemka.

Bi Mize alijaaliwa binti mmoja, Raiye. Raiye akaolewa na Makame, wakahamia Ulaya, kule kaskazini kunakoanguka theluji. Mimba yake ya kwanza ilipotimia miezi minane akapiga simu nyumbani. "Mama, njoo unilee arobaini." Nanyi mnajua arobaini ni kitu gani kwetu. Mzazi akandwe kwa maji ya moto, anyweshwe uji wa pilipili manga, na mtoto afunikwe asipigwe hata na upepo wa mlangoni. Bi Mize ameshalea arobaini za nusu ya mtaa. Ataikosa ya mwanawe wa kumzaa?

Akapanda ndege, akafika. Siku ya kwanza akawasalimia watu ngazini, mkono kifuani. Wa kwanza akampita. Wa pili akampita. Wa tatu akatazama simu yake. Bi Mize akamwuliza mkwewe, "Makame, watu hawa wamefiwa?" Makame akasema, "Ndivyo walivyo, Mama." Moyoni Bi Mize hakupendezewa hata kidogo.

Siku ya pili asubuhi Makame kaenda kazini, Raiye kaenda kliniki. Bi Mize akateremka kutupa taka. Na hapo uani, juu ya theluji, akaona kigari cha mtoto. Akachungulia. Ndani mna mtoto wa miezi mitatu minne hivi, kalala, pua nyekundu, pumzi inatoka moshi. Mtu hayupo. Akapiga hodi, "Mwenye mtoto, hodi." Kimya. Akapiga ya pili. Kimya. Akapiga ya tatu. Kimya. Jamani, hata mbuzi kwetu mvua ikinyesha huingizwa ndani.

Akampigia bintiye simu, haikupokewa. Akampigia mkwewe. "Makame, kuna mtoto wa watu huku uani peke yake kwenye baridi. Nimchukue?" Makame yumo kazini, mkubwa wake kamsimamia kichwani. Akajibu, "Mama, fanya uonavyo." Basi Bi Mize akafanya alivyoona. Akamnyanyua mtoto, akapanda naye juu, akamsugua miguu kwa mafuta ya nazi, akamfunga kanga kavu, akaanza kumbembeleza.

Polisi wawili walipogonga, Bi Mize aliwafungulia akitabasamu. Alidhani wamekuja kumshukuru. Akawaambia, "Karibuni, nimeshampasha moto." Hawakumwitikia. Wakamtwaa mtoto mikononi mwake, kanga wakaitupa kitini, naye Bi Mize wakamzuia pale pale hadi Raiye aliporudi kufasiri. Na Raiye, maskini, na tumbo lake lile, ikambidi aseme kwa kinywa chake, "Mama, wanasema umeiba mtoto."

Umeiba. Mama wa watu aliyelea watoto wa mtaa mzima, leo mwizi wa watoto. Hebu nimeze mate kwanza.

Mama wa mtoto alikuwa jirani wa mlango wa pili, jina lake Karin. Polisi wakasema Karin akiridhika shauri limekwisha, asiporidhika mgeni atarudishwa kwao. Karin, kasimama mlangoni na mwanawe, akasema, "Sitaki makubwa. Kesho asubuhi aje mlangoni kwangu aniombe radhi. Mwanangu hakutupwa. Tangu bibi zetu, sisi watoto wetu hulala nje wapate hewa safi. Nilikuwa dirishani namwangalia, nikaona mtu nisiyemjua anamnyanyua. Mama gani asingeita polisi?"

Raiye akafasiri. Bi Mize akamsogelea Karin.

"Kumbe ulikuwa dirishani," akasema. "Ukaniona napiga hodi mara tatu. Mdomo ulishonwa? Kuteremka ngazi kumekushinda, kuita polisi kumekuwa rahisi?"

Karin akainamisha macho. "Nilikuogopa," akasema, akaingia kwake na mwanawe, akafunga mlango.

Polisi walipoondoka, Bi Mize akamgeukia bintiye. "Na wewe ulijua kuwa watu wa huku hulaza watoto nje?"

"Nilijua, Mama. Kliniki wameniambia hata wangu nimlaze hivyo. Nikaona nikikwambia mapema tutagombana, nikasema nitakueleza nikishajifungua."

"Ukanificha mimi, mama yako, ili usisemwe. Kimya chako ndicho kilichonitia mikononi mwa polisi."

Makame naye akarudi, kapigiwa simu, kofia mkononi. "Mama, uliponiuliza nilijibu kwa heshima. Mkwe hampangii mama mkwe la kufanya."

Raiye akamrukia. "Heshima gani? Umesikia mtoto, umesikia baridi, hukuuliza hata mtoto wa nani. Ulitaka tu simu ikatike."

Siku hiyo nyumbani hapakulika.

Asubuhi yake uchungu ukamshika Raiye. Makame akasema, "Mama, nitakwenda mimi kwa Karin nikuombee radhi." Bi Mize akasema, "Ukienda umekiri kuwa mkweo mwizi. Kwetu mkubwa akivunjiwa heshima huombwa radhi, haombi. Nimemtoa mtoto baridini. Nikisema nimekosa, nimekosa nini?"

Raiye kashika ukuta, jasho linamtoka. "Mama, neno moja tu. Ukirudishwa, nani atanikanda? Nani atanishikia mwanangu?"

Bi Mize akafungua mlango akatoka, akasimama ukumbini. Nyuma yake bintiye anaugulia. Mbele yake mlango wa Karin umefungwa. Mkono kaunyanyua agonge, mkono umegoma. Hasira inamrudisha, huruma inamsukuma, na uchungu wa mzazi haungoji mtu amalize hasira zake.

Basi nyinyi mliokaa kitako mnanitumbulia macho, semeni. Karin aliona asiteremke. Raiye alijua asiseme. Makame aliulizwa asisikilize. Bi Mize alibeba mtoto wa mtu bila ruhusa ya mwenyewe. Radhi lazima itoke kwa mmoja wao, tena sasa hivi. Je, nani alistahili kuiomba kwanza, na amwombe nani?