Ukaguzi wa Vitumbua vya Bi Mwatima

Kila asubuhi Bwana Ngwali, mwenye soko, alikula vitumbua vyote vya Bi Mwatima, akauita huo ukaguzi wa ubora.

"Nisipoonja kila kimoja nitajuaje?" alisema. "Ukikataa, kibanda nampa mwingine."

"Mbona unakagua kidogo, Bwana?" Bi Mwatima alimjibu kwa upole. "Ubora hausubiri mwisho, huanzia kwenye malighafi. Wakaguzi wakubwa huonja kila kitu kilichotumika."

Bwana Ngwali alivimba kichwa. "Kwani mimi mdogo? Kesho naonja kila kitu, mbele ya wateja! Nikiruka hata kimoja, sikagui tena maisha yangu yote."

Kesho yake alitafuna mchele mbichi, akameza vijiko viwili vya hamira, akateremshia kwa tui. Wateja wakampigia makofi. Akanywa na mafuta ya kukaangia, jasho likimchuruzika.

"Haya, lete vitumbua!"

"Bado kimoja tu, Bwana." Bi Mwatima alichukua koleo, akaokota kaa jekundu jikoni. "Panua mdomo."

"Vimepita!" alipiga kelele Bwana Ngwali, akiwa ameshavuka lango la soko. "Vyote vimepita!"