Kiganja cha Lango la Ihanzi

Itazameni bendera ya mji wetu, enyi wana wa Ihanzi, nguo nyeupe yenye kiganja chekundu upande mmoja tu, ule unaotazama nje ya lango. Kisha mnisikilize, maana aliyeitundika ya kwanza hakuitundika kwa furaha.

Zama za mababu, mlima huu ulipokuwa bado hauna njia, aliishi Lugendo mwana wa Kihwele, mjukuu wa Mtengela, Lugendo Bega-la-Mwamba, aliyebeba magogo peke yake na kuwajengea watu wetu boma lenye lango moja. Ndipo likaja zimwi la ukunguni. Likimmeza mtu, huichukua na sauti yake, likaja kubisha nayo langoni. Wangapi walifungua wakidhani wanampokea mama au ndugu, wasionekane tena!

Asubuhi moja, ukungu ukiwa mzito kama uji, Lugendo alitwaa mkuki, akamwita mkewe Sekindole mbele ya watu wote.

"Komeo nakuachia wewe," alisema. "Hata nikiita mimi, usifungue mpaka ukungu uinuke. Ukifungua, umeuua ukoo mzima."

Akatoka. Sekindole akatia komeo, akaliegemea lango kwa bega, mwanawe Mtage akiwa mgongoni ndani ya mbeleko. Walisikia mngurumo, ardhi ikatikisika, kisha kimya. Kisha hodi.

"Mama Mtage, fungua. Nimeumia."

Sauti ilikuwa ya mumewe, hata ule mkwaruzo wa kooni alioamka nao. Mkono wa Sekindole ukaenda wenyewe kwenye komeo. Wazee wakapiga magoti wakimsihi, akaurudisha, akauma upindo wa nguo yake asilie. Sauti iliita tena, ikadhoofika, na mwisho ikasema, "Umefanya vyema, mke wangu." Haikusikika tena.

Ukungu ulipoinuka walilikuta zimwi limekufa bondeni, mkuki kifuani, na langoni alama ya kiganja, damu yake bado mbichi. Nyayo za Lugendo zilishuka hadi mtoni, zikaishia majini. Hakuonekana tena, si hai wala maiti.

Sekindole alifungua mbeleko nyeupe, akaikandamiza juu ya kiganja kile, akaitundika juu ya lango, damu ikitazama nje, aliposimama mumewe.

Tangu siku ile, mtu wa Ihanzi akisikia hodi, hufungua kwanza ndipo aulize ni nani. Hufungua akitetemeka, lakini hufungua.