Mrindoko na Majembe Yaliyovunjika

Tulieni, watu wa Ndorwe, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, maana jina nitakalolitaja halitajwi katikati ya kelele. Nasimulia enzi za mababu wa mababu zetu, mlima huu ulipokuwa bado msitu na mtu alilima kwa kijiti kilichochongwa ncha. Hapo ndipo alipozaliwa Mrindoko mwana wa Senzia, Senzia mwana wa Kachenje, Kachenje yule aliyekuwa wa kwanza kuupanda mlima huu akiwa na mbuzi watatu na mke mmoja mkali. Huyo ndiye Mrindoko Mkono wa Fuawe, Mrindoko Mvukuto Usiochoka, aliyetoa ahadi moja mbele ya watu na ahadi hiyo ikataka kummaliza, naye hakuivunja.

Zamani hizo chuma kilikuwa na mwenyewe. Ng'ambo ya mto Hembua, katika kilima cha Kisangio, alikaa Kilave, bwana wa matanuri kumi na mawili, ambaye peke yake alijua ni mwamba upi ukipikwa hutoa chuma. Kilave ndiye aliyesema leo jembe ni mbuzi, kesho jembe ni mbuzi wawili na mtungi wa asali, wala hapakuwa na wa kumbishia, kwa kuwa mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Mwaka wa njaa kuu, vijiti viliposhindwa kuipasua ardhi iliyokauka, akatangaza kwamba majembe mawili ni mtu mmoja. Senzia alikuwa na vinywa tisa vya kulisha. Akamvusha mto bintiye mkubwa Nakijwa, yule aliyemlea Mrindoko mgongoni, akarudi na majembe mawili, nayo yakalima, na waliobaki wakaishi. Lakini kila tonge la ulezi wa shamba lile lilimkwama Mrindoko kooni.

Alipokomaa alivuka mto kwa hiari yake, akajitoa kuvuta mivukuto ya kupulizia moto katika matanuri ya Kilave, ili amwone dada yake na ili ajifunze. Misimu saba alifanya kazi hiyo. Husimuliwa kwamba alivuta mivukuto minne peke yake, miwili kwa mikono na miwili kwa miguu, na wakati wenziwe wakimcheka kwa jasho, yeye alikuwa akisoma rangi ya moto na kuhesabu vikapu vya makaa. Alipoaga, hakutaka mbuzi wa ujira. Aliomba jiwe la fuawe, lile la kufulia chuma, lililokuwa uani, ambalo wanaume sita walikuwa wameshindwa kuliinua. Kilave akacheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Ukiliinua, ni lako." Mrindoko alilitia begani, akavuka nalo Hembua, akaupanda nalo mlima huu, na mahali alipolitua ndipo lilipo soko letu hadi leo.

Huku kwetu hakuna mwamba wa chuma. Lakini Mrindoko alikuwa ameona mchanga mweusi unaobaki kandokando ya mto baada ya mvua, mzito kuliko mchanga mwingine, akawaita wanawake wa Ndorwe waupepete kwa nyungo. Matanuri matatu ya kwanza yalitoa takataka tupu. Tanuri la nne lilitoa chuma, na wanawake wakapiga vigelegele vilivyosikika Kisangio. Akachagua majembe mawili yaliyo bora, akayapeleka kwa Kilave amkomboe Nakijwa.

Kilave aliyatazama bila kuyagusa, akasema, "Haya si majembe. Chuma hutoka mwambani; hiki ni uji wa mtoni ulioganda. Nikiyapokea nitakuwa nimesema ni majembe, na siku nitakayosema hivyo, Kisangio imekwisha. Ondoka nayo."

Ndipo Mrindoko alipoelewa kwamba hata alete majembe mia dada yake hatarudi, mpaka siku Kilave mwenyewe, kwa mkono wake, atakapolipokea jembe la Ndorwe. Aliporudi aliwakuta watu nao wamesikia maneno ya uji wa mtoni, wakilitazama jembe lake kama mtu atazamavyo uyoga asioujua. Akapanda juu ya fuawe, akatamka tamko ambalo kila mtoto wa Ndorwe hulijua kabla ya kuota meno:

"Jembe langu likivunjika, kwa jiwe ama kwa mzizi, kwa kazi ama kwa uzembe, lileteni. Sitauliza limevunjikaje. Nitatoa jipya. Siku nitakayouliza, mkono huu ukauke."

Watu wakanunua, kwanza kwa kujaribu, kisha kwa kupenda. Habari zikamfikia Kilave, naye hakukasirika. Alitabasamu, maana aliona njia ya kumwangusha mshindani wake. Akawaita watu wake wote, akawaambia wakanunue majembe ya Ndorwe, wayavunje kwa mawe, wayarudishe, wapewe mapya, wayavunje tena. "Ahadi yake ndiyo kaburi lake," alisema. "Tutamzika kwa mdomo wake mwenyewe."

Sasa nyinyi mnaonunua jembe dukani na kuliacha mvuani, lazima niwaeleze jambo msilolijua. Siku hizo, huku na huko ng'ambo, chuma kilichovunjika kilihesabiwa kuwa maiti. Kiliwekwa juu ya kaburi la mwenyewe, au katika rundo nje ya kijiji kikingoja kaburi. Kukirudisha motoni kulikuwa sawa na kumrudisha maiti jikoni: tanuri lingekufa, na mkono uliokitia motoni ungekauka. Kilave aliamini hivyo, na Mrindoko pia. Kwa hiyo kila jembe alilolitoa badala ya lililovunjika lilitaka mchanga mpya, makaa mapya na siku nzima ya moto.

Yakaja majembe kumi. Yakaja arubaini. Rundo la wafu likapanda likapita paa la karakana, wahunzi wakawa wanalala wamesimama, na wanawake wakapepeta mchanga mpaka vidole vikachubuka. Wazee wakamjia Mrindoko, wakamwambia, "Uliza mara moja tu. Neno 'vipi' halijaua mtu." Yeye akajibu kwamba neno hilo ndilo litakaloua kila kitu, akageukia moto.

Siku moja, yakiwa yamebaki majembe mawili tu katika karakana yote, aliingia mwanamke mwenye mvi, na kichwani ana mzigo wa majembe sita yaliyovunjika. Alikuwa Nakijwa. Mrindoko alimpokea mzigo, akakaa chini, akalia mbele za watu, wala hakujificha.

"Usilie, mdogo wangu, sikiliza," akasema Nakijwa. "Haya hayajavunjika kwa kulima. Tumeamriwa kuyaponda. Mengine si yako hata kidogo, ni ya Kilave mwenyewe, yalikuwa yakingoja makaburi."

"Sikukuuliza, dada."

"Najua. Ndiyo maana nimesema mimi."

"Basi kaa hapa, usirudi tena."

"Nikikaa bila kukombolewa watasema Mrindoko ni mwizi, na jembe la mwizi halinunuliwi. Nitarudi. Lakini nipe kwanza majembe sita."

Majembe sita hayakuwepo. Mrindoko akayatazama yale mawili mazima, akayatazama yale sita maiti, akautazama mkono wake wa kulia uliokuwa ukilisha mlima mzima. Aliogopa, jamani. Msidhani shujaa haogopi. Aliogopa mpaka jasho likamtoka baridi mbele ya tanuri linalowaka. Kisha akaokota vipande vya jembe lililovunjika, akavitia motoni kwa mkono uleule.

Wahunzi wakakimbia. Hakuna aliyebaki kuvuta mivukuto, maana nani atapulizia maiti pumzi? Nakijwa akajifunga vazi lake la ngozi kiunoni, akashika mivukuto.

"Mimi nimeshauzwa kwa chuma," akasema. "Chuma kitanifanya nini tena?"

Akavuta. Chuma kikawa chekundu, kikawa cheupe, na Mrindoko akakipiga juu ya fuawe. Kikatoka jembe, na mkono haukukauka. Halikutaka mchanga, makaa yake hayakujaza kikapu, na kabla jua halijasogea sana lilikuwa limeshapoa. Majembe sita yakafuliwa siku ileile, Nakijwa akarudi nayo Kisangio. Jua lilipozama rundo lililokuwa aibu ya Ndorwe limegeuka kuwa ghala lake, ghala lililojazwa na Kilave mwenyewe, kwa vichwa vya watu wake mwenyewe.

Wala si hilo tu lililommaliza. Watu wa Kisangio, waliotumwa kuyavunja yale mapya, waliyaonja kwanza shambani, wakaona yanalima vizuri, na ni nani mwenye akili atakayeponda jembe zuri? Waliyaficha wakalima. Njia ya Ndorwe waliijua sasa, na aliyewaonyesha ni bwana wao. Matanuri ya Kisangio yakazimika moja baada ya jingine, kwa kukosa mnunuzi, bila mkuki kurushwa.

Miaka ikapita. Siku moja ya soko mzee alipanda mlima akiegemea fimbo, ana jembe lililokatika shingo, ambalo halikufuliwa Ndorwe. Vijana wakanong'ona: Kilave. Wakasema afukuzwe. Mrindoko akauliza swali moja tu, "Limevunjika?" Mzee akajibu, "Limevunjika." Akapewa jipya, akalipokea kwa mikono miwili.

Ndipo Mrindoko akaongeza majembe mawili juu yake, akatamka kwa sauti iliyosikika soko zima: "Umelipokea jembe la Ndorwe mbele ya watu. Basi pokea na haya mawili uliyoyakataa. Ni badala ya yale uliyompa baba yangu. Kuanzia leo dada yangu hana bei, wala binadamu yeyote hana bei katika soko hili."

Kilave akayakumbatia majembe yote matatu. Kisha akainamisha kichwa, akateremka nayo. Siku ya tatu Nakijwa alipanda mlima bila mzigo.

Mrindoko alizeeka akifua, akafa ameegemea fuawe, nyundo ikiwa mapajani. Alikuwa ameshausia: "Msiniwekee chuma kaburini. Kipelekeni motoni." Ndiyo sababu makaburi ya Ndorwe hayana chuma, na ndiyo sababu hata leo, ukileta jembe lililovunjika, mhunzi wetu hana swali ila moja. Nyundo ya Mrindoko ilitiwa motoni siku ileile aliyokufa, na aliyevuta mivukuto ni Nakijwa, kikongwe asiye na jino. Yakatoka majembe mawili. Akayapeleka katika nyumba iliyokuwa na njaa kuliko zote, nyumba yenye mabinti watatu, na kesho yake asubuhi mabinti wote watatu walionekana shambani kwao wakilima.