Chupa ya Mwaka wa Joto

Jioni ile Perpetua alifuta glasi mbili kwa kitambaa, akauliza kama kawaida yake, "Baba Devota, leo tunafungua?"

"Bado," mumewe akajibu bila kuinua macho. "Mvinyo wa Burgundi haufunguliwi kama soda."

Perpetua akazirudisha glasi kabatini. Alfajiri hakuamka.

Ndahani, mumewe, alikuwa mwonjaji wa mvinyo pale Dodoma. Kazi yake ilikuwa kunusa, kusukutua, kutema na kutoa hukumu. Kumeza, hapana, hata nyumbani alitema. Chupa ile ya mvinyo mwekundu alipewa na mgeni kutoka Ufaransa, na ni Ndahani mwenyewe aliyemweleza mkewe kwamba mwaka ule jua lilikuwa kali huko Burgundi, mkoa wa Ufaransa unaosifika kwa mvinyo, zabibu ziliiva mapema, na mvinyo wa mwaka wa joto hautaki kuwekwa muda mrefu. Lakini jina lilikuwa kubwa. Akailaza chupa chini ya kitanda pamoja na nyingine alizozitunza, akangoja siku inayoistahili.

Siku ya kumaliza matanga akaona imefika. Mbele ya ndugu alisema, "Leo namwonjea Mama Devota." Akakwangua nta, akavuta kizibo, akamimina, akainua glasi kwenye mwanga.

"Rangi nyepesi, vidole vinaonekana," akasema. "Ndivyo ulivyo Burgundi."

Akaonja. Akatema.

"Hii ni choya!"

Ilikuwa kweli choya, juisi ya maua mekundu inayouzwa kila kona ya mji, tena imechacha.

Skolastika, mdogo wake marehemu, akaziba mdomo kwa khanga. Alikuwa analia na kucheka pamoja.

"Nisamehe, shemeji. Mvinyo wako ulinywewa Pasaka. Dada akajaza choya, akaziba kwa nta ya mshumaa."

"Nani aliunywa?"

"Dada, mimi, na wewe."

"Mimi? Mimi ninywe Burgundi nisiujue?"

"Hukuujua, bwana mtaalamu! Dada alikumiminia kwenye kikombe cha bati, akakuambia umetoka kwa jirani. Ukasema, 'Una ladha ya zambarau zilizoiva sana, na joto kidogo kooni. Umefika wakati wake. Mwambieni jirani asiuweke, aunywe sasa.'"

Ndahani akaikumbuka meza ile: ugali, nyama ya mbuzi, na mkewe akimtazama kwa tabasamu ambalo hakulielewa.

"Niliutema?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Uliumeza, shemeji. Ukaomba kikombe kingine. Dada akaninong'oneza, 'Leo kanywa na mimi.' Kila alipokuuliza kama mnafungua alikuwa anakutania tu; alipanga kukuambia Krismasi, akucheke vizuri."

Ndahani akaketi.

Kesho yake asubuhi, saa ambayo waonjaji hufanya kazi kwa kuwa ulimi haujachoka, alitoa chupa zote zilizobaki chini ya kitanda, akachukua vikombe vya bati, akaenda kubisha hodi kwa shemeji yake Skolastika.

Funzo: Usimngojeshe umpendaye kwa ajili ya siku kubwa, huenda siku hiyo ndiyo ile mliyokula ugali pamoja, nawe hukuitambua. Kabla hujamtumia mwingine hadithi hii, weka simu chini, uketi na wako.