Jina Moja kwa Mwanaheri

Kikao cha Dharura cha Kamati Ndogo ya Kuchagua Rangi ya Mapazia ya Ukumbi. Ndivyo kilivyoitwa, hapo zamani, katika mji wa mlimani ambako ukungu uliingia majumbani bila hodi na watu walitembea kama wanaoota. Baada ya ajenda ya mapazia kulikuwa na Mengineyo, na ndani ya Mengineyo ilijibanza ruzuku ya mwaka kwa wanaowahudumia wanawake waliopigwa na kubakwa.

Ilimtosha mtu mmoja. Kwa desturi, aliyechagua wa kupewa alikuwa mwanamke aliyewahi kuhudumiwa; wajumbe walidai hawana uzoefu wa mambo hayo, na huko nje wake zao wakakohoa.

Mwaka huo zamu ilikuwa ya Mwanaheri, ambaye mumewe alimpiga na kumwingilia kwa nguvu hata akatoroka pekupeku. Ukungu ulimfika magotini. Mbele yake zilielea nyuso tatu alizozipenda.

"Bila mimi," alisema Bi Nyamizi, aliyemficha, "hawa wangemhudumia nani? Mume alivunja vigae vyangu kwa mawe, sikufungua."

"Bila mimi," alisema nesi Tabu, aliyemtibu, "ungeficha maiti, shoga. Na alipokuwa hasemi, nani alikaa naye kimya?"

"Bila mimi," alisema Mzee Shemboza, aliyefuatana naye mahakamani mpaka mume akafungwa, "angepona, kisha arudi kwa yule yule. Mngekuwa mafundi wa kumkarabatia mume ngoma yake ya kupiga."

"Ngoma ndiyo mimi, Mzee?" Mwanaheri akacheka, kisha akaacha. "Si mgawane tu?"

"Tuligawana mwaka juzi," alisema Tabu. "Nikawa na dawa Jumatatu peke yake. Wanawake wanapigwa hata Jumanne."

"Taja jina, mwanangu," alisema mwenyekiti. "Asiyetajwa atafunga milango. Kanuni za fedha hazina huruma, mimi ninayo."

"Nisipotaja?"

"Fungu linarudi hazina, na wote watatu wanafunga."

Mwanaheri akatazama mlangoni. Kizingitini alikaa mwanamke asiyemjua, kajitanda kanga, mdomo umevimba, akingoja kikao kiishe ajue akabishe hodi kwa nani. Hakuwa na viatu.

Mwanaheri akataja jina moja. Kufikia jioni, wawili walikuwa wamefunga.

Haya, mliokaa kitako: kwa ajili ya yule wa kizingitini, nani alistahili kutajwa?